Nondo 105 zipo saiti, hesabu yangu inataka 118. Kuna njia ya kuzitosheleza?

Fundi_Kizota:

Mbukwenyi wakuu. Naomba msaada wa hesabu, maana hapa saiti heshima yangu iko hatarini.

Nasimamia kikosi cha kusuka nondo kwenye hosteli ya ghorofa moja, Ng'hong'hona, upande wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Kwa awamu hii nondo za mm 12 zinatakiwa vipande vya aina tatu tu, kwa mujibu wa shedyuli ya injinia:

A (bimu): mita 4.70, vipande 80
B (nguzo): mita 3.60, vipande 120
C (linta na nyongeza za juu ya bimu): mita 2.55, vipande 150

Mwenye jengo kapiga hesabu yake mwenyewe. Kajumlisha urefu wote, akapata mita 1,190.5. Akaongeza asilimia 5 ya upotevu, akagawa kwa 12 ambayo ndiyo urefu wa nondo, ikaja 104 na ushee. Akaleta nondo 105.

Mimi napiga hivi: nondo moja inatoa A mbili, kwa hiyo A zote zinakula nondo 40. Inatoa B tatu, nondo 40 nyingine. Inatoa C nne, nondo 38. Jumla 118. Nilipomwambia zimepungua 13, alisema mbele ya vijana wangu kwamba anajua hizo 13 zinataka kwenda wapi. Hiyo kauli imeniuma, wakuu. Nimefanya kazi hii Kizota, Nala mpaka Mtumba, na sijawahi kuuza hata kipande cha mtu.

Sijakata nondo hata moja. Zege la nguzo linamwagwa wiki ijayo. Je, 105 zinaweza kutosha au nikomae na 118 yangu? Nataka jibu ambalo naweza kuliweka mezani na mtu akashindwa kulipinga. Kidato cha nne nilimaliza na hisabati nilikuwa naiweza, kwa hiyo msiogope kuniandikia namba.

---

Kijana_wa_Veyula:

Pole sana kaka. Usikate kila aina kwenye nondo zake peke yake. Anza na ndefu. Ukikata A mbili unatumia mita 9.40, inabaki 2.60, na hapo C moja inaingia. Nondo 40 za A zitakupa C 40 bila gharama yoyote. B endelea nazo tatu tatu, nondo 40. C zilizobaki ni 110, ukizikata nne nne ni nondo 28. Jumla 108. Umeshaokoa kumi.

Bado zinapungua tatu, lakini tatu unaweza kumwomba mtu.

---

Mama_Stoo_Nkuhungu:

Fundi, pole na hilo neno ulilotupiwa. Nimekaa stoo za ujenzi hapa Dodoma tangu wakati Mtumba ni pori, na sasa kazi yangu ni kuwaandalia makandarasi orodha za ukataji. Ugomvi wa namna hii nimeuona sana, na karibu kila mara haukuwa wizi. Chanzo chake ni kwamba watu wawili wamepiga hesabu mbili tofauti, na hakuna aliyepiga ile inayotakiwa.

105 zinatosha. Unahitaji 103. Na nitakuonyesha kwamba 102 haziwezekani, hata aje nani.

Orodhesha kwanza kila namna ambavyo nondo moja ya mita 12 inaweza kukatwa mpaka mabaki yasitoe tena kipande chochote unachokihitaji. Kwa urefu wako mikato iko minane tu: A mbili na C moja; A moja na B mbili; A, B na C moja moja; A moja na C mbili; B tatu; B mbili na C moja; B moja na C tatu; C nne. Hakuna wa tisa, jaribu mwenyewe kwa kalamu. Swali lako sasa limekuwa hili: kila mkato niutumie kwenye nondo ngapi, ili A zifike 80, B 120, C 150, na jumla ya nondo iwe ndogo kuliko zote?

Hii ndiyo ile linia programingi ya kidato cha nne, ile ya kuchora mistari na kutafuta kona. Pale shuleni tulikuwa na vitu viwili, x na y, kwa sababu karatasi ina pande mbili. Hapa tuna vinane, karatasi haitoshi, lakini kazi ni ile ile na kompyuta inaifanya kufumba na kufumbua. Excel ina kitu kinaitwa Solver, na LibreOffice ya bure nayo inacho. Weka mikato minane kwenye mistari, weka A, B, C kwenye safu, acha safu moja ya idadi ya nondo, halafu uiambie ipunguze jumla kwa sharti la vipande kutimia. Kwenye simu hutaipata, tafuta kompyuta.

Jibu lake:

Mkato wa kwanza (A 2 + C 1, mita 11.95): nondo 21
Mkato wa pili (A 1 + B 2, mita 11.90): nondo 38
Mkato wa tatu (B 1 + C 3, mita 11.25): nondo 44

Jumla 103. Hakiki: A ni 42 + 38 = 80. B ni 76 + 44 = 120. C ni 21 + 132 = 153, zinazidi tatu. Mikato mingine mitano haitumiki kabisa, ukiwemo ule wa B tatu na ule wa C nne ambavyo wewe umevizoea. Ndipo nondo zako 15 zilipokuwa zinapotelea.

Ukiiendesha bila sharti la namba nzima itakuletea 20.77, 38.46 na 43.08. Usikadirie kwa macho. Ukiandika 21, 38, 43 unapungukiwa B moja, na B moja ni nguzo isiyokamilika. Ukipandisha zote unapata 104. Iambie programu kwamba unataka namba nzima, ndipo itakupa 21, 38, 44.

Sasa uthibitisho, kwa sababu hicho ndicho ulichokiomba. Toa alama: kila kipande cha A alama 5, B alama 4, C alama 3. Pita kwenye mikato minane uhesabu alama zake. A mbili na C moja: 13. A na B mbili: 13. B na C tatu: 13. B tatu: 12. C nne: 12. A, B na C moja moja: 12. Mikato miwili iliyobaki ni 11 kila mmoja. Hakuna nondo hata moja duniani yenye mita 12 inayoweza kutoa zaidi ya alama 13 kwa vipande hivi. Na kazi yako nzima inadai alama ngapi? A 80 mara 5 ni 400, B 120 mara 4 ni 480, C 150 mara 3 ni 450. Jumla 1,330. Gawa kwa 13: unapata 102.3. Basi nondo 102 hazitoshi kwa yeyote, na 103 tumeshaziona zikitosha. Huna haja ya kuendelea kutafuta.

Karatasi hiyo mpelekee mwenye jengo. Akitaka aikague kwa kalkuleta ya simu, ni suala la dakika chache.

Hizo 5, 4, 3 sikuzibuni. Solver inazitoa kwenye ripoti ya unyeti (Sensitivity Report) ukiitatua bila sharti la namba nzima: 0.385, 0.308, 0.231. Zidisha kwa 13 uone. Maana yake ni sehemu ya nondo ambayo kila kipande kinakula kwenye mpango bora. Zinakusaidia hata baadaye: injinia akikuongezea C 13, mwambie bosi kwamba hapo ni nondo tatu za ziada, takriban, bila kurudia hesabu yote. Mrusi Leonid Kantorovich alikuwa na namba za aina hii hii mwaka 1939, baada ya kuombwa na kiwanda cha plaiwudi cha Leningrad kupanga mashine zake, na mwaka 1975 akapewa Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Ni hesabu iliyozaliwa kiwandani, na saiti ndipo mahali pake.

Neno moja kuhusu hesabu ya bosi wako. Safari hii imemfaa, lakini asiitegemee. Chukua kazi inayotaka vipande 100 vya mita 6.10. Urefu wote mita 610, ongeza asilimia 5, gawa kwa 12, unapata nondo 54. Ukweli ni kwamba kila nondo inatoa kipande kimoja tu, unahitaji 100. Hapo ingebidi mje kugombana kweli, na dawa yake ingekuwa kumuuliza injinia mapema kama 6.10 inaweza kuwa 6.00. Urefu peke yake hauna habari za jinsi vipande vinavyokaa ndani ya nondo.

---

Mzee_Chilonwa:

Nawasalimu wote. Mwanangu Mama Stoo, hesabu yako nimeifuata na siipingi. Lakini mimi nimekata nondo tangu siku za msumeno wa mkono, na nina maneno matatu.

La kwanza, jiwe la grainda linakula chuma. Mkato wako wa kwanza umeacha sentimita 5 tu. La pili, vijana. Ukiwapa nondo moja wakate urefu wa aina mbili, saa tisa jua kali, mtu atapima 3.60 mahali pa 4.70 na hakuna wa kuirudisha. Kukata aina moja moja kunapoteza chuma lakini hakupotezi akili. La tatu, na hili ndilo kubwa: nguzo ndizo zinazomwagwa kwanza. Fundi anataka B wiki ijayo. Wewe B zake umezitawanya kwenye mikato miwili. Ili apate B 120 itabidi akate nondo 82, na A na C zitalala chini zikisubiri. Nani atazilinda? Ng'hong'hona ile naijua mimi.

---

Mama_Stoo_Nkuhungu:

Shikamoo Mzee. Nashukuru umeyasema haya, maana ndiyo yanayoamua kama hesabu itafanya kazi au itabaki kwenye karatasi.

Jiwe la grainda: jiwe jembamba linakula milimita 2 mpaka 3 kila linapopita. Mkato wa kwanza unapitisha jiwe mara tatu, haifiki hata sentimita moja, na tuna tano. Wa pili una sentimita 10. Wa tatu una 75. Kama wanatumia mkasi wa nondo, hakuna kinacholiwa kabisa. Kwenye hesabu yenyewe unaweza kuongeza milimita 3 kwa kila kipande tangu mwanzo, mikato minane itabaki ile ile.

Vijana kuchanganya: hapo nakubaliana nawe kwa moyo wote, na ndiyo sababu napenda jibu lenye mikato mitatu badala ya lenye sita, hata kama yote yana idadi sawa ya nondo. Dawa yake ni benchi. Fundi achukue ubao mrefu, apigilie misumari ya alama kwa mkato mmoja tu, wakate huo mpaka uishe, kisha abadilishe misumari. Asiruhusu tepu mkononi mwa mkataji. Anayepima ni mmoja, anapima ubao, na anaupima mara moja kabla ya kila mkato mpya. Rangi za kupulizia mbili tatu zinatosha kutofautisha ncha: nyekundu A, nyeupe B, bluu C. Bei ya kopo la rangi ni ndogo kuliko nondo moja iliyokosewa.

La kupangilia wakati, Mzee, uko sahihi na mimi sikulitaja. Hesabu niliyoitoa inadhani vyote vinahitajika siku moja. Ni kweli A 38 na C 132 zitasubiri. Fundi ana njia mbili. Kama zege la nguzo linamwagwa kwa mafungu, aanze na mkato wa pili, kila nondo inampa B mbili, na zile 38 zinampa B 76, sawa na nguzo 19 za nondo nne nne. Wa tatu auanze nguzo hizo zikishasukwa. Kama zote 30 zinamwagwa pamoja, basi akate 82 na vipande vinavyosubiri vifungwe kwa waya kwa mafungu ya kumi kumi, vihesabiwe mbele ya bosi, vilale ndani ya chumba na siyo uwanjani. Na kama hapo saiti hakuna chumba chenye mlango, mimi mwenyewe ningekubali kupoteza nondo mbili tatu kuliko kuacha C 132 nje usiku. Gharama ya ulinzi nayo ni gharama, iingie kwenye hesabu.

Kitu kimoja nakataza: usije ukaona mabaki ukaanza kuunga vipande vifupi kupata kirefu. Mahali pa kuunga na urefu wa kulaliana anaamua injinia. Hiyo B ya 3.60 inaelekea ameshaweka humo mita 3 za nguzo na sentimita 60 za kulaliana, yaani mara 50 ya unene wa mm 12. Usimharibie.

---

Alizeti_Singida:

Samahani kuingilia uzi wa nondo. Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti huku Singida, mashudu ninayo mengi, nikaanza kuchanganya chakula cha kuku wa mayai: pumba za mahindi, mashudu, dagaa, chokaa, soya kidogo. Bei zinapanda na kushuka kila wiki na mimi naendelea na mchanganyiko ule ule. Hii hesabu ya Mama Stoo inaweza kunisaidia?

---

Mama_Stoo_Nkuhungu:

Inakusaidia kuliko hata sisi wa nondo, ndugu yangu, maana kilo unaweza kuzigawa, hulazimiki kupata namba nzima. Kila kiambato ni safu, bei yake kwa kilo ndiyo unayotaka ipungue, na masharti ni protini isishuke chini ya kiwango, kalsiamu ifike, nishati ifike, na nyuzinyuzi zisizidi. Hilo la mwisho ndilo litakuzuia kumwaga mashudu mengi kwa sababu tu unayo. Mashudu ya alizeti yana nyuzinyuzi nyingi, hasa yakikamuliwa na maganda. Na mashudu yako mwenyewe uyawekee bei ambayo ungeyauza, usiyaandikie sifuri.

Viwango vya kuku wa umri wako mwulize daktari wa mifugo au bwana mifugo, usivichukue kwa mtu wa stoo. Bei ikibadilika Ijumaa, badilisha namba moja kwenye jedwali na ubonyeze tena. Mwaka 1945 Mmarekani George Stigler aliuliza swali kama lako kwa ajili ya binadamu, vyakula 77 na virutubisho 9, akakadiria kwa akili dola 39.93 kwa mwaka. Miaka miwili baadaye njia mpya ya George Dantzig ikajaribiwa kwenye swali hilo hilo, makarani wakiwa na mashine za kujumlishia za mezani, kazi ikala siku 120 za mtu mmoja. Ikatoka 39.69. Makadirio yake yalikuwa mazuri sana, lakini kabla ya hapo hakuna aliyeweza kujua ni mazuri kiasi gani. Leo laptopu ya zamani inafanya kazi hiyo hujameza mate.

Fungua uzi wako, nitakuja. Tumwachie Fundi huu.

---

Fundi_Kizota:

Wakuu, nimerudi. Mama Stoo, karatasi ya alama nimempelekea bosi. Alikaa nayo kwenye gari, akaniita, akasema kila nondo kweli haizidi 13. Hakusema samahani lakini mbele ya wale wale vijana alisema "fundi yuko sahihi, tukate hivi". Inatosha.

Tatizo jipya. Kabla ya kupigilia misumari kwenye ubao nilisema nipime nondo zenyewe. Zilikuja zimekunjwa katikati kama kawaida, tumezinyoosha na kuzipima moja moja. Nondo 67 zina mita 12 kamili au zimezidi kidogo. Nondo 38 zina mita 11.85. Mzigo ni mmoja, duka ni moja. Mkato wa kwanza unataka 11.95 na wa pili unataka 11.90, kwa hiyo kwenye hizi fupi haviingii. Nimejaribu kupiga upya kwa mita 11.85 nikaishia 109. Zitakuwa zimepungua nne na tumerudi kule kule?

---

Kijana_wa_Veyula:

Hiyo 109 nimeihakiki, ni sahihi kama nondo zote zingekuwa fupi. Ukitoa alama A 4, B 3, C 2, hakuna nondo ya 11.85 inayozidi alama 9, na kazi inadai 980. 980 kwa 9 ni 108.9. Sentimita 15 tu kwenye kila nondo na unapoteza nondo sita nzima. Sikutegemea iwe kubwa namna hiyo.

---

Mama_Stoo_Nkuhungu:

Hongera Kijana, umeishika. Na Fundi, hongera zaidi kwa kupima. Kuna makandarasi wakubwa wananiletea mita 12 walizozisoma kwenye risiti.

Lakini tulia, hujarudi kule kule. Angalia tena mkato wa tatu: B moja na C tatu, mita 11.25. Huo unaingia kwenye nondo ya 11.85 na bado inabaki sentimita 60. Na huo ndio mkato unaotaka nondo nyingi kuliko yote, 44. Mikato inayodai nondo kamili ni wa kwanza na wa pili, 21 na 38, jumla 59. Wewe una kamili 67.

Basi weka fupi zote 38 kwenye mkato wa tatu. Zilizobaki kwenye mkato huo ni 6, zichukue kwenye zile kamili. 59 na 6 ni 65. Umetumia kamili 65 na fupi 38, jumla 103, na nondo mbili kamili zinabaki stoo. Ufupi wa nondo haujakugharimu kitu kwenye kazi hii, kwa sababu umejua ni zipi kabla hujakata. Ungezichanganya ungegundua kwenye mkato wa pili, kipande cha mwisho kikija mita 3.55, na hapo hakuna hesabu ya kukuokoa.

Hapa ndipo ninapowasisitizia watu: usiiulize programu swali la "nondo" kana kwamba zote ni moja. Ipe aina mbili za nondo, kamili na fupi, kila moja na idadi uliyo nayo na mikato yake. Jedwali linakuwa na mistari 15 badala ya 8, minane ya kamili na saba ya fupi. Solver ya Excel inabeba safari hiyo bila shida, kikomo chake ni vigeugeu 200, yaani namba 200 za kutafutwa. Jibu litatoka lenyewe bila mimi kulitafuta kwa macho.

Kuhusu duka: mita 12 ndizo zilizolipiwa. Nondo 38 mara sentimita 15 ni mita 5.7, karibu nusu ya nondo moja. Kwa uzito, mm 12 ni gramu 888 kwa mita, kwa hiyo kama kilo tano. Mwache bosi aamue kama anakwenda kudai. Kikubwa ambacho ningemwambia muuzaji ni kwamba mzigo ujao utapimwa kabla gari halijashusha, na kwamba fupi anaweza kuuza kama fupi. Kuna kazi, kama hii yako, ambazo fupi zinafaa kabisa, na ningezinunua kwa bei yake halali.

Zile sentimita 75 na 60 zinazobaki, 44 kwa jumla, usiruhusu ziende kwenye vyuma chakavu mara moja. Vigingi vya kupimia msingi wa uzio vinatoka humo.

---

Mzee_Chilonwa:

Fupi kwenye mkato wa tatu. Hilo nimelipenda. Fundi, fupi zipulizie rangi ya njano ncha zote mbili leo hii, kabla kijana hajazirudisha kwenye lundo.

---

Fundi_Kizota:

Nimezipuliza jana jioni, Mzee, zimelazwa upande wa ukuta, kamili upande wa barabara. Asubuhi tunaanza na mkato wa pili kwa ajili ya nguzo za mwanzo. Bosi amekubali kumwaga kwa mafungu mawili, kwa hiyo vipande vya kusubiri vitakuwa A tu kwa wiki hii, na A 38 zinaingia kwenye chumba cha simenti.

Mama Stoo, ombi moja la mwisho. Shedyuli ya mm 16 ya bimu kubwa imekuja, ina urefu wa aina saba. Nimeanza kuorodhesha mikato nikafika arobaini na kitu na bado inakuja.

---

Mama_Stoo_Nkuhungu:

Usiorodheshe yote. Kwa urefu wa aina saba mikato inakuwa mingi mno, na viwanda vya karatasi vilishakwama hapo hapo mpaka Paul Gilmore na Ralph Gomory walipotoa njia mwaka 1961. Anza na mikato saba tu, ile yako ya aina moja moja. Itatue bila sharti la namba nzima, chukua alama ambazo Solver inatoa kwa kila kipande kama sehemu ya nondo, halafu utafute mkato mmoja ambao jumla ya alama zake inazidi 1. Ukiupata, uongeze kwenye jedwali na utatue tena. Ukifika mahali ambapo hakuna mkato unaozidi 1, orodha yako imetosha, hata kama ina mikato kumi na mbili tu. Malizia na namba nzima. Kwa orodha fupi hivyo wakati mwingine namba nzima inaweza kuzidi bora kwa nondo moja, linganisha na kima cha chini ulichopata ujue.

Weka urefu na idadi hapa. Na zipime kwanza, mm 16 nazo zinakuja zimekunjwa.

---

Fundi_Kizota:

Lori linashusha saa nne. Tepu ninayo mkononi. Nitaweka namba jioni.